Premio ya 2003 inazima ikishapata joto, fundi anasema kontroboksi (kompyuta ya injini) imekufa. Ninunue au nisubiri?

dereva_tororo
Habari zenu wazee wa magari. Nina Premio ya 2003, injini 1ZZ, otomatiki, natafutia riziki hapa Uganda kati ya Tororo na Malaba na siku zingine napanda nayo mpaka Mbale. Tatizo lilianza kidogo kidogo. Asubuhi inawaka vizuri kabisa, sasa ukishatembea kama nusu saa na jua limekaza inazima tu barabarani bila onyo, haikohoi wala haitetemeki, inakata moja kwa moja. Ukipiga stata inazunguka kwa nguvu lakini haiwaki. Fungua boneti, kaa kivulini, kunywa soda yako taratibu, rudi, inawaka na abiria wanakuangalia ni kama ulikuwa unawadanganya.

Nimeshabadilisha plagi, pampu ya mafuta, filta, na sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini, maana fundi wa kwanza aliapa ni hiyo. Bado. Wa pili akaleta skana ya simu, ile ndogo ya bluetooth, ikakataa kuunganisha, akasema basi kontroboksi imekufa, nitoe milioni moja na laki mbili atafute nyingine Kampala. Hiyo ni karo ya watoto wawili banange. Na hata nikitoa sijui kama itakubali kwenye gari langu au nitaletewa iliyokufa pia. Nitajuaje kama kweli ni boksi na sio kubahatisha tena na pesa yangu?

Fundi_Waya_Mbale
Pole kaka. Hiyo pesa ikae mfukoni kwanza. Mafundi wengi wakishindwa wanasema boksi kwa sababu hakuna mteja anaweza kubisha, haionekani ndani.

Kwanza, hiyo skana kukataa sio ushahidi wa kitu. Magari ya miaka hiyo yaliyotengenezwa kwa soko la Japan mengi hayasikilizani na hizo skana za bei ya chini hata kama boksi ni zima, yanaongea kwa namna yake ya Toyota na ile programu ya simu inatafuta ile ya kawaida ya kimataifa. Mwambie fundi wako aichomeke kwenye Premio nyingine ya mwaka huo ambayo haina ugonjwa. Ikikataa na huko basi umejua.

Pili, kuna kitu hukutuambia na ndio nusu ya jibu. Gari ikiwa imezima na imekataa, zima swichi, fungua tena bila kupiga stata, uangalie taa ya chek injini, ile ya njano yenye picha ya injini. Inawaka au haiwaki? Ikiwaka boksi liko macho, tafuta kwa sensa, koili, mafuta. Isipowaka na za oili na betri zinawaka, boksi limelala. Na kulala sio kufa, inawezekana halipati moto (umeme), au halina ethi (waya wa negativu kwenye bodi ya gari), au kuna sensa imeshota ikavuta chini ile laini ya volti 5 ambayo boksi linalishia sensa, na boksi likashindwa kusimama.

subaru_wa_Arua
Samahani naingilia. Kabla ya yote fungua uangalie maji!! Mimi nina Forester, boksi lake liko chini ya kapeti upande wa abiria mbele, limefunikwa na bati. Ule mpira wa kutoa maji ya AC ukaziba, maji yakawa yanarudi ndani polepole, kapeti juu kavu kabisa lakini sponji ya chini ukiikanyaga inatoa maji. Gari ikawa inawaka siku inazotaka yenyewe. Tulipotoa soketi pini zilikuwa za kijani. Tukasafisha kwa spirit na brashi ya meno, tukakausha, mpaka leo iko barabarani. Na hawa vijana wa washing bay wanaoingiza presha ya maji mpaka chini ya dashibodi ndio wanatuletea haya mambo, ukimwambia asiingize maji ndani anakuangalia tu.

Fundi_Waya_Mbale
@subaru_wa_Arua ni kweli kabisa kwa Subaru, hapo chini ya kapeti ni mahali pabaya. Premio liko juu, nyuma ya ile droo ya dashibodi upande wa abiria, maji hayalifikii kirahisi lakini kuangalia hakuna hasara. Kioo cha mbele kikiwa kimebadilishwa na gundi haikushika vizuri maji yanapita humo humo.

dereva_tororo
Imezima leo nikitoka Malaba, nikafanya ulivyosema. Oili ipo, betri ipo, chek injini HAKUNA. Nikangoja ikapoa, nikafungua swichi taa ikarudi yenyewe, na injini ikashika. Maji hakuna, nimetoa droo nimeingiza mkono pakavu kabisa, vumbi tu la Malaba. Kwa hiyo ni boksi?

Fundi_Waya_Mbale
Tunakaribia. Sasa hapa ndipo watu wanaruka hatua wanaenda dukani.

Angalau taa kutowaka kumeshaondoa ile sensa ya krenki, maana ingekuwa krenki taa ingewaka kama kawaida. Sensa ya krenki ikifa kwa joto gari linafanya mchezo huo huo wa kuzima na kupoa na kuwaka, ndio maana fundi wa kwanza aliapa, hakuwa mjinga, ila hakuangalia taa.

Tafuta testa ya maana, na mchoro wa soketi za boksi la 1ZZ uwe nao kwenye simu, usifuate rangi za waya kwa kukisia. Utatafuta waya tano tu: BATT, +B, E1, VC na E2. Pima ukiwa umechomeka soketi, pitisha sindano nyembamba kwa nyuma kando ya waya, usichokonoe pini kwa mbele maana ukiipanua umejitengenezea ugonjwa mwingine ambao hata mimi nitaulaani. Na upime gari LIKIWA LIMEKATAA. Likiwa limepoa kila kitu kitakuonyesha kizuri na utarudi hapa kusema fundi wa Mbale muongo.

BATT iwe na volti 12 muda wote hata swichi imezimwa, hiyo ni ya kumbukumbu. +B iwe na 12 ukifungua swichi, hii inapita kwa relei ya EFI (swichi ya umeme ya mfumo wa mafuta na injini) na fyuzi yake, na hiyo relei ikichoka inakata kwa joto vilevile na ni kitu cha bei ndogo, kwa hiyo ukikuta +B haina kitu wakati BATT ipo, cheka kwa furaha, nenda kanunue relei. E1 ni ethi, usiipime kwa ile milio ya testa, hata uzi mmoja wa waya uliobaki utalia. Weka testa kwenye volti, waya mweusi kwenye negativu ya betri yenyewe, mwekundu kwenye E1, mtu apige stata. Isipite 0.1 hivi, ikifika 0.2 nenda kasafishe ethi za injini. Mwisho VC, ile laini ya sensa, na E2, ethi yake, hapo unatafuta volti 5, kati ya 4.5 na 5.5.

Ukikuta +B ni 12, ethi nzuri, na VC ni sifuri, usishangilie bado. Toa soketi za sensa zinazokula hiyo volti 5 moja moja, ya throto (mlango wa hewa wa injini) kwanza, huku unaangalia testa na taa. Ukitoa moja na VC ikarudi, sensa hiyo ndiyo mchawi. Umetoa zote na bado sifuri, angalia waya haujakwaruzwa ukagusa bodi ya gari kati ya boksi na sensa. Waya mzima? Hapo sasa boksi.

binti_Jinja
Fundi umeeleza vizuri, naongeza kitu kidogo kwa sababu kungoja gari lizime barabarani na testa mkononi pale trela zinapopita ni hatari jamani. Asubuhi likiwa baridi liwashe nyumbani liungurume tu palepale, droo imetolewa, chukua drayer ya nywele upulizie joto kwenye boksi peke yake kwa dakika kadhaa, usiikaribishe sana. Likizima hapo umepata. Lisipozima nenda kwa relei ya EFI kwenye boneti uipulizie yenyewe. Mimi nilijifunza kwa mzee mmoja wa redio na TV, hawa watu wa elektroniki wanajua kutafuta kitu kinachokatika kwa joto kuliko mafundi gari wengi, na drayer ya saluni yetu ndiyo ilifanya kazi. Gonga pia boksi kidogo kwa mpini wa bisibisi, kama kuna solda iliyopasuka itajitokeza.

kijana_wa_spea_Kla
Banange mnatunyima biashara hahaha. Haya, kama itafika kununua nieleze upande wa dukani ili usidanganywe.

Usinunue kwa jina la "ya Premio". Toa boksi lako usome lebo, kuna namba inaanza na 89661 halafu deshi halafu herufi na namba tano. Zote kumi zifanane. Kuna Premio ya 1.5 na ya 1.8, kuna ya kuvuta magurudumu mawili na manne, na kwenye otomatiki boksi hilo hilo ndilo linaamuru gia, ukichomeka la gari lingine injini inaweza kuwaka vizuri halafu gia ikakataa kupanda, uje unitukane mimi. Piga picha ya lebo tuma kwa muuzaji, naye akutumie picha ya lile analouza akiwa amelishika, sio picha ya intaneti.

La pili ni immobilaiza, ile kinga ya wizi inayotambua ufunguo. Ukifungua na kuzima swichi, kuna taa ya ufunguo au ya usalama inapepesa kwenye dashibodi? Kama ipo, boksi la gari lingine halitaujua ufunguo wako, litawaka sekunde moja na kuzima au lisiwake kabisa. Hapo ama ununue seti, boksi na ufunguo wake na kiboksi chake cha immobilaiza, ama mtu ahamishe ile chip ndogo ya miguu minane yenye kumbukumbu kutoka boksi la zamani kwenda jipya. Kuna vijana Kampala wanafanya hiyo kazi wakingojewa. Premio nyingi za kwetu za miaka hiyo hazina, lakini angalia.

Bei ya milioni na laki mbili ni ya kwake na mjomba wake. La mkono wa pili lenye namba sawa tafuta kwenye laki tano mpaka saba, na mkubaliane kwa maandishi kwamba lisipokubali linarudi. Maduka mengi yanaweka alama ya rangi kwenye skrubu, ukifungua kifuniko umejinunulia. Na tangu ile sheria ya 2018 ya kukataza kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi, maboksi ya magari ya zamani yanatoka zaidi kwa magari yaliyokatwa hapa hapa, kwa hiyo usingoje bei ishuke.

mkulima_na_gari
Mnampeleka mbali. Si afungue hilo boksi achome solda upya yaishe? Elfu hamsini tu kwa mtu wa TV.

Fundi_Waya_Mbale
Inawezekana mkulima, sikatai. Hata 2010 Toyota waliita yarudishwe kutengenezwa zaidi ya magari milioni 1 ya Corolla na Matrix ya Marekani na Kanada, ya mwaka 2005 mpaka 2008, yenye 1ZZ hii hii, kwa sababu kwenye boksi kulikuwa na nyufa za solda na kifaa kimoja cha kulinda umeme, gari linazima au linakataa kuwaka. Hayo ni ya soko lile sio hii Premio, lakini inakuonyesha ugonjwa wenyewe upo duniani. Shida yangu ni kwamba bodi ya ndani ya boksi imepakwa kitu kama vanishi cha kuzuia unyevu, lazima ukikwangue vizuri, na mtu akiweka chuma cha moto sana ananyanyua njia za shaba hapo hata aliyehamisha chip hawezi kukusaidia. Nikuulize kaka, huyo mtu wa TV akikosea analipa nani? Kama una boksi la pili tayari mkononi, mpe la zamani ajifunzie nalo. Kama huna, hapana.

dereva_tororo
Nimerudi na majibu. Drayer tuliazima kwa jirani, ameniuliza mara ya ngapi sijui wanaume mnafanya nini na drayer kwenye gari. Relei tuliipuliza haikutikisika. Boksi, bwana, halikuchukua muda, gari likanyamaza. Swichi ikafunguliwa chek injini hakuna. BATT 12.4, +B 12.2, E1 stata ikipigwa 0.05, VC sifuri kabisa. Tukatoa ya throto, tukatoa na zingine zilizo kwenye mchoro, sifuri. Waya wa VC hadi kwa throto mzima haugusi bodi. Boksi likapoa, VC ikapanda yenyewe ikasimama 4.98 na taa ikarudi huku bado sensa ziko nje. Sasa hapo hata mimi nimeamini.

Taa ya ufunguo hakuna. Namba nimemtumia kijana wa spea.

Fundi_Waya_Mbale
Safi sana, hiyo sasa ni kazi. Boksi. Hakuna mwenye kubisha.

mzee_wa_alteneta
Ngojeni ngojeni. Vijana mmepima kila kitu mmesahau kuuliza limekufa kwa nini. Dereva, gari likiwa linaunguruma, betri inasoma volti ngapi? Washa uongeze resi kidogo uangalie. Na je, maji ya betri yanapungua haraka, au kuna ule ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri? Na kuna mtu aliwahi kukupa jampa kutoka kwa trela pale kwenye foleni ya Malaba? Trela nyingi ni volti 24, gari dogo ni 12, mtu anachukua waya anabana juu ya betri zote mbili zilizounganishwa na boksi linapokea yote. Pia kama kuna aliyechomelea egzosti bila kutoa waya wa betri. Ukiweka boksi la laki sita kwenye gari lenye alteneta mbovu utarudi kwetu kabla ya mvua.

dereva_tororo
Mzee shikamoo. Jampa ya trela hapana, nina waya zangu na huwa naomba kwa taksi. Kuchomelea hakuna. Lakini volti... imesoma 15.4, nikiongeza resi inafika 15.7. Na maji ya betri kweli naongeza mara kwa mara, nilijua ni joto la huku kwetu tu.

mzee_wa_alteneta
Marahaba. Umeona sasa? Inatakiwa 13.8 mpaka 14.5 hivi. Hiyo reguleta ya ndani ya alteneta imekufa na inaachia umeme wote, inakaanga betri, balbu na boksi pamoja. Badilisha reguleta kwanza, sio lazima alteneta nzima, angalia na brashi zake humo humo kama zimebaki fupi. Upime ikiwa baridi na ikiwa moto, taa zimewashwa na zimezimwa. Ndio uweke boksi.

Fundi_Waya_Mbale
Mzee umenipiga hapo, heshima yako.

Dereva, siku ya kuweka toa waya wa negativu ya betri kwanza, gusa bodi ya gari kwa mkono kabla ya kushika boksi, soketi zibonyezwe mpaka zitoe mlio wa klik, usilazimishe. Rudisha betri, fungua swichi, taa iwake, washa bila kukanyaga mafuta uiache ipate joto yenyewe na AC imezimwa. Sailensa, ule muungurumo wa gari likiwa limesimama, inaweza kupanda na kushuka kwanza na gia zikagonga kidogo, boksi linajifunza injini yako, tembea nalo kawaida itatulia.

Na kwa vile huna skana, chini ya usukani kuna soketi ya pini 16. Ukiiangalia upande mpana ukiwa juu, pini 4 ni ya nne kutoka kushoto mstari wa juu, 13 ni ya tano mstari wa chini. Unganisha hizo mbili kwa kipande cha waya, fungua swichi usiwashe, taa ya chek injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika hakuna kosa. Ikipepesa kwa mafungu hesabu mafungu, ni namba ya kosa, ulete hapa. Pini 16 ya mwisho kabisa ina moto wa betri moja kwa moja, usiiguse na huo waya.

dereva_tororo
Mrejesho wazee. Reguleta imebadilishwa, sasa inasoma 14.1 ikiwa baridi na 13.9 ikiwa moto na taa zote zimewashwa. Boksi limekuja na basi kutoka Kampala kwa laki sita na nusu, namba zote kumi sawa, muuzaji ameweka rangi ya kijani kwenye skrubu kama alivyosema kijana. Taa inawaka inazima inavyotakiwa, waya wa 4 na 13 unapepesa mfululizo. Nimepakia watu sita na mihogo mpaka Mbale saa nane mchana jua kali, kurudi vilevile. Gia ya pili inagonga kidogo bado. La zamani nampelekea mtu wa TV afanye majaribio.

kijana_wa_spea_Kla
Gia tembea nayo wiki moja ikiwa bado inagonga angalia mafuta ya gia kwanza kabla ya kumlaumu mtu wa boksi 😄

Harrier_Kabale
Mimi pia Harrier yangu inazima ikipata joto, lakini chek injini inawaka. Ninunue boksi?

Fundi_Waya_Mbale
Soma juu kuanzia mwanzo ssebo. Yako anza na sensa ya krenki, halafu fungua uzi wako.